Moteri Iliyozikwa: Boti za Ziwa Letu na Boti Moja ya Nyumbani



Komite ilituomba tuandike habari ya safari za ziwani, sababu wengi wetu tulitoka hapa Baraka kwa boti na tukarudi kwa meli, na watoto waliozaliwa baada ya kurudi hawaijui njia ile. Tulikubali haraka, tukidhani ni kazi ya kusoma vitabu na kuuliza wazee wawili watatu. Lakini mwaka huo huo wa 2024 tulikuwa na kazi nyingine nyumbani, kazi ya kufufua boti ya marehemu baba pamoja na binti yetu wa miaka 13. Kazi hizo mbili ziliingiliana mpaka tukashindwa kuzitenganisha. Basi mtatuvumilia tukipita kwenye historia kubwa na kurudi chini ya mwembe wa nyumbani.

Boti yenyewe ni ya mbao, urefu wa mita tisa. Tangu baba afariki mwaka 2012 ilikuwa imelala juu ya magogo, imejaa majani, kuku wanatagia ndani. Maji yalipopanda mwaka 2021, yale yaliyokula nyumba nyingi za ufukweni Uvira na hapa kwetu, yalifika mpaka kwenye magogo. Asubuhi moja tukakuta boti imegeuka, pua yake inatazama ziwa. Jirani mmoja akatuambia, "Mupasue hii kitu, mutengeneze milango." Tulicheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Kazi yetu ni ya kuzunguka vijiji na fomu za shirika. Muda wa boti ulikuwa wapi?

Mambo yalibadilika Mei 2024. Nchi za ziwa zilifunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Mafundi wa boti wakakaa bila kazi. Mmoja wao, mzee aliyeunda boti hii pamoja na baba mwaka 1986, alikuja mwenyewe. Akagonga mbao kwa kidole, ubao kwa ubao, akisikiliza kama daktari. Mwishoni akasema, "Mbao nane zimekufa. Mkuku ni muzima. Mukitaka, itaamuka."

Binti yetu akajibu, "Tunataka." Sisi tulikuwa bado tunahesabu pesa.

Kabla ya moteri

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal tu linalolipita kwa kina. Kwa watu wa kandokando, Wabwari, Wabembe, Wavira, Waholoholo, Wajiji na wengine, ziwa halikuwa mpaka. Lilikuwa barabara. Mitumbwi ya kuchongwa kwenye gogo moja ilibeba samaki, mawese ya upande wetu na chumvi ya Uvinza ya upande wa pili. Baadaye, biashara ya Ujiji ilipokua, mitumbwi hiyo hiyo ilibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa kamba. Tuseme ukweli huo pia. Barabara haichagui nani anapita juu yake.

Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji, na miezi michache baadaye wakapigiwa kasia mpaka Uvira. Ghuba ambayo Baraka imekaa pembeni yake, mpaka leo kwenye ramani inaitwa ya Burton. Tulimwonyesha binti yetu ramani hiyo jioni moja. Akauliza, "Na wale waliopiga kasia?" Tukamjibu kwamba hakuna ghuba yenye jina lao. Tulidhani swali limeisha, kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

Moteri zilivyofika

Vyombo vya injini vilifika ziwani mwetu vikiwa vipande. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa London Missionary Society walileta meli ndogo ya mvuke, Good News, ikibebwa kipande kwa kipande kutoka pwani ya Bahari ya Hindi na kuunganishwa huku. Wajerumani wakafuata na Hedwig von Wissmann. Halafu ikaja ile kubwa, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena, ikatiwa ndani ya masanduku karibu 5,000, ikapita Dar es Salaam na reli ya kwenda Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915, wakati vita vya kwanza vya dunia vimeshaanza.

Upande wetu, Wabelgiji walikuwa na meli moja, Alexandre Delcommune, na Wajerumani waliipiga risasi kule Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, tangu Agosti 1914. Jibu lilitoka mbali sana. Waingereza walileta boti mbili za moteri za petroli, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi. Zilitoka Cape Town kwa reli mpaka Fungurume, Katanga. Reli ilipokwisha, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupanda milima ya Mitumba, zikashuka mpaka mto Lualaba, zikapanda reli tena kutoka Kabalo kuja ziwani. Desemba 1915 zikaingia majini. Tarehe 26 ya mwezi huo ziliteka boti ya Wajerumani, Kingani. Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazama.

Vitabu vinamkumbuka sana kamanda wao, Spicer-Simson, kwa sababu alikuwa mtu wa vituko. Lakini boti haikupanda mlima kwa vituko. Ilipandishwa na mamia ya watu wa Katanga waliokata miti, wakajenga madaraja, wakasukuma na kuvuta kamba. Majina yao nayo hayako.

Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha Graf von Götzen kwa mikono yao wenyewe, adui asiichukue. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo walifanya jambo moja kwanza. Walipaka injini grisi, nyingi, kila mahali, ndipo wakaishusha meli chini. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakafungua injini, wakakuta bado nzima. Mwaka 1927 ilianza safari kwa jina jipya, Liemba. Ni hiyo hiyo Liemba ambayo mwaka 1997 UNHCR iliitumia kurudisha watu wetu kutoka Kigoma mpaka Uvira. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwa ndani.

Tulipomsimulia fundi wetu habari ya grisi, alitikisa kichwa, akasema, "Sasa hao njo mafundi. Mutu anapaka grisi kabla ya kuzamisha, ju anajua siku moja mutu atarudi. Hata kama si yeye."

Boti ya baba

Baada ya vita hivyo vya wazungu ziwa lilirudi kwenye biashara. Miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walileta nyavu kubwa za kuzungusha pamoja na boti za moteri, na watu wetu wakajifunza kwa kuajiriwa nao. Moteri ya kufunga nyuma ya boti ya mbao ilipoanza kupatikana, mtu wa kawaida aliyejinyima kwa miaka kadhaa aliweza kuwa na chombo chake.

Baba alikuwa mmoja wao. Mwaka 1986 alinunua mbao za mvule na gogo la mninga la kuchonga mkuku. Moteri, Yamaha ya nguvu 40, aliinunua kwa mtu mwingine, ikiwa imeshatumika. Usiku usio na mwezi aliwasha karabai na kuvua ndagala. Usiku wenye mwanga alipakia mawese na unga wa muhogo, akazunguka ncha ya Ubwari, akavuka mpaka Kigoma. Kurudi alileta sabuni, vitenge, chumvi na mabati. Nyumba tuliyozaliwa iliezekwa na ziwa.

Mwaka 1996

Kukimbia kwa boti hakukuanza na sisi. Wazee wanakumbuka vita vya 1964 na 1965, wengi walivuka wakati ule. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma usiku na Wakuba wachache wa kwanza, akatua Kibamba, huku Fizi, kusaidia waasi. Novemba mwaka huo huo akaondoka kwa njia ile ile, usiku. Yeye mwenyewe aliandika baadaye juu ya Wakongomani waliobaki ufukweni wakiomba kupakiwa. Boti hazikutosha.

Sentensi hiyo ya mwisho tuliiandika kwenye daftari letu bila kuifikiri sana. Boti hazikutosha. Basi.

Oktoba 1996 Uvira ilianguka, na vita vikateremka kuja Fizi. Sisi tulikuwa na miaka saba. Tunachokumbuka ni harufu ya petroli na mama akitufunika kitenge usoni. Baba alivuka, akarudi kuchukua wengine, akavuka tena. Safari ya mwisho ilikuwa yetu. Tulipofika ng'ambo tulipokelewa kwenye kijiji cha wavuvi, kusini mwa Kigoma, na rafiki wa baba wa siku za biashara. Huko baba alifungua moteri, akaipaka grisi yote aliyokuwa nayo, akaifunga kwa turubai, akaichimbia shimo chini ya kitanda cha rafiki yake. Boti akamwachia avulie. Sisi tukapelekwa kambini, Lugufu.

Tuliishi kule miaka kumi. Tulirudi mwaka 2007 kwa meli, katika misafara ile iliyoanza kutoka Kigoma kuja Baraka mwaka 2005. Mwaka 2009 baba alivuka tena kumtafuta rafiki yake. Alimkuta amezeeka, boti imebadilishwa mbao kadhaa, na kitanda kiko palepale. Walichimba pamoja. Rafiki yule hakutaka hata faranga moja. Alisema boti imemlisha, inatosha. Katika kurasa hizi tunaandika mara nyingi juu ya kusaidiana, na mfano wa kwanza tunaoujua sisi ni wa Mtanzania huyo aliyelala juu ya moteri ya mtu mwingine miaka kumi na mitatu.

Mistari saba

Kazi ilianza Juni. Kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa, sisi na binti yetu tulikuwa chini ya mwembe. Kwanza kukwangua. Rangi ya zamani ilikuwa tabaka tatu, buluu, nyeupe, kisha buluu nyingine. Fundi alitoa mbao nane zilizooza, akapima mpya kwa kamba, akachoma misumari kwenye mafuta isishike kutu haraka. Binti yetu alipewa kazi ya pamba. Unaisokota kama uzi mnene, unailoweka kwenye mawese, unaigongea katikati ya mbao mbili kwa patasi butu mpaka ikatae kuingia. Wiki ya kwanza aligonga vidole vyake kuliko pamba. Wiki ya tatu fundi alikuwa anapita nyuma yake bila kurekebisha kitu.

Wapita njia walisema maneno yao. Msichana na boti wapi na wapi? Fundi aliwajibu kwamba boti haina macho ya kuona nani anaiziba.

Moteri ilikuwa na kazi yake. Tangu 2012 ilikuwa imening'inizwa jikoni, na pistoni zilikuwa zimeshika. Tulitoa buji, tukamimina oili na petroli kidogo kwenye matundu, tukaacha siku tatu. Halafu tukashika gurudumu la juu kwa mikono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku ya nne binti yetu akapiga kelele, "Papa, imepumua!" Ilikuwa imesogea labda upana wa kidole. Oili ya gia chini ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yaliingia. Kimpira cha pampu ya maji kilikuwa kimepasuka. Kabureta tuliisafisha kwa waya mwembamba kuliko unywele. Vipuri vilitoka Uvira. Kwa wafadhili wetu tuseme wazi kwamba pesa ya chama haikuguswa. Gharama zilitoka kwenye mshahara wetu na mbuzi wawili wa mama.

Jumapili moja, akikwangua upande wa ndani karibu na sehemu ya moteri, binti yetu alikuta mistari saba iliyokwaruzwa kwa msumari, imepangwa vizuri.

"Papa, hizi alama ni za nini?"

Tukasema labda hesabu ya magunia. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Si magunia," akasema. "Ni safari za ile mwaka. Kila akirudi kutafuta watu, alikwaruza moja."

Binti yetu akahesabu tena. Kisha akauliza swali ambalo sisi, na shahada yetu ya chuo kikuu, tulikuwa hatujawahi kuuliza kwa miaka karibu thelathini. "Bibi, babu alikuwa analipisha?"

Mama alichambua maharage mengine kidogo. Halafu akasema. Safari mbili za kwanza baba hakuchukua kitu. Ya tatu petroli ilikuwa imepanda mara nyingi, wenye bidoni wanauza kama dawa. Akaanza kupokea. Mwenye pesa alitoa pesa, mwenye mbuzi alitoa mbuzi, mwenye kitenge kitenge. Mjane mmoja wa mtaa wetu, mwenye watoto wanne, alitoa cherehani.

Hapo tulinyamaza wote. Cherehani ile tunaijua. Iko mpaka leo chumbani kwa mama, imefunikwa kitambaa. Kule Lugufu mama alishonea watu nguo nayo, na pesa hiyo ilinunua madaftari yetu, viatu vyetu, na tuliporudi ikaanzisha karo yetu ya chuo. Binti yetu mwenyewe amejifunzia kushona juu yake. Miaka yote tuliiita cherehani ya mama.

Kwa mtoto wa mjane

Mjane yule alifia kambini. Mtoto wake wa pili yuko hai na ni mwanachama wa chama hiki. Tunamwita dada, na ametupa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Tulikwenda kwake sisi na binti yetu, tukiwa tumeandaa maneno. Tulimwambia tunaomba msamaha kwa niaba ya marehemu, na kwamba cherehani ni yake akiitaka.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndugu yangu, munaniletea cherehani ili ninyi mulale muzuri? Mama alilipa, tukapanda, tukafika. Mimi sina neno na babu wa huyu mutoto. Mukitaka kuuliza, muulize juu ya wale ambao hawakuwa na cherehani."

Akatusimulia. Usiku ule boti ilikuwa imejaa mpaka maji yanachungulia juu ya ubao. Mzee mmoja aliyebaki ufukweni aliingia majini, akashika ukingo wa boti, akatembea nayo mpaka maji yakamfika kifuani. Hakupiga kelele. Baba aliacha moteri, akaja pale, akaitoa mikono yake kidole kwa kidole. Alikuwa analia, dada alisema, lakini aliitoa. Kama asingeitoa, pengine tusingefika hata mmoja. Mzee yule alikuwa nani? Dada hajui. Watu wa Ubwari, watu wa mlimani, watu wa Uvira, wote walikuwa wamechanganyika ufukweni ule. Hakuna aliyekuwa anaandika.

Tulirudi kwa miguu kando ya ziwa. Tulijilaumu kumchukua mtoto wa miaka 13 kwenye maneno kama yale. Yeye alitembea kimya hadi karibu na nyumbani, ndipo akauliza, "Papa, boti yetu inafaa kubeba watu wangapi?"

Hatukujua. Baba alibeba 30, pengine 40. Tulimpelekea fundi swali hilo. Akapima kina cha boti, upana wake, akafikiri moteri na mizigo, akasema, "Kumi na nane. Wa kumi na tisa anangoja." Tulimkumbuka baba, tukakumbuka na Desemba 2014, meli Mutambala ilipozama ziwani na watu zaidi ya 120 wakafa. Ile haikuwa vita. Ilikuwa siku ya kawaida ya kusafiri.

Binti yetu alipaka mstari mwekundu pande zote mbili za boti, mahali maji yanapopaswa kuishia. Juu yake akaandika 18. Halafu akanunua daftari kwa pesa yake ya kushona.

Daftari

Tarehe 1 Septemba 2024 tulijaribu moteri ndani ya pipa la maji. Tulichanganya oili mara mbili ya kawaida, lita 1 kwa lita 25 za petroli, kama inavyotakiwa kwa moteri iliyofunguliwa. Tulivuta kamba mpaka mikono ikaisha. Fundi akavuta. Binti yetu akavuta. Mara ya kumi na kitu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanguruma. Wote tukainama kuangalia kama inakojoa, maana moteri isiyotoa maji pembeni itajiunguza. Ikakojoa. Mama alitoka nje, akasimama akisikiliza sauti ile, kisha akarudi ndani bila kusema kitu.

Wiki mbili baadaye tuliishusha ziwani. Siku mbili iliingiza maji, kama boti zote zilizokauka, mpaka mbao zikavimba na kushikana. Siku ya tatu ilikuwa kavu.

Tunarudi kwenye historia, maana hiyo ndiyo tuliyoombwa. Tukisoma habari za ziwa hili tunakuta jina la kila meli, mwaka iliposhushwa, na kamanda wake. Wapiga kasia wa 1858 hawana majina. Wavuta kamba wa 1915 hawana. Waliobaki ufukweni mwaka 1965 na 1996 hawana. Na sisi wenyewe, tunaofanya kazi kwenye mashirika, kila mwezi tunaandika ripoti yenye idadi ya walionufaika, na mara nyingi idadi hiyo ndiyo yote inayobaki yao. Mistari saba ya baba ilikuwa idadi. Ilituonyesha kwamba alirudi mara saba, na hilo tunajivunia. Haikutuonyesha aliyetolewa mikono.

Kwa hiyo tumekubaliana na komite hivi. Boti inabaki ya familia, lakini siku ya Jumanne na Ijumaa ni ya chama. Mgonjwa wa vijiji vya Ubwari anayehitaji kuja hospitali Baraka, pamoja na mtu mmoja wa kumsindikiza, halipi. Wengine wanachangia petroli tu, na bei imebandikwa ofisini. Mstari mwekundu haubishaniwi, hata kwa kiongozi wa chama, hata kwa mgeni wa shirika. Wafadhili wanaouliza namna ya kusaidia, tunahitaji jile za kuelea. Mpaka sasa tuna saba, na watu ni kumi na nane.

Kila anayepanda anaandikwa jina kwenye daftari kabla ya moteri kuwashwa. Binti yetu ndiye mwandishi siku zisizo za shule. Kurasa za nyuma za daftari hilo ni za mwaka 1996. Dada wa cherehani ndiye wa kwanza kuandikisha, ameandikisha watu watano, wa mwisho ni mama yake. Baada yake tumeandika, "Mzee mmoja, jina halijulikani, alibaki."

Wanachama wanaokumbuka nani alikuwa nao kwenye boti, boti yoyote, na nani alibaki, tunawaomba waje waseme. Daftari liko ofisini kila Jumatano mchana. Asiyejua kuandika ataandikiwa.

Moteri tumeifunga chini ya jiko la mama. Kila Jumamosi jioni binti yetu anaipaka grisi.